Njiwa wa Chumba cha Wapagazi

Haya yalinipata mimi mwenyewe, tena mchana. Naanza na hilo la mchana kwa sababu najua mtu akisikia habari za mizimu hutafuta giza la kuwekea mashaka yake. Giza halikuwepo. Ilikuwa saa tisa alasiri, mvua inanyesha Tabora nzima, na redio ya jirani ilikuwa ikieleza habari za vijiji vya ujamaa. Nilikuwa na homa, nakubali. Mtasema basi ilikuwa homa. Niaminini, hakuna aliyejitahidi kuamini kuwa ilikuwa homa kama mimi. Nimeligeuza jambo hili huku na huku kwa miaka miwili, na kila nikifika mwisho nakuta kizimba cha njiwa kimekaa mahali ambapo mimi sikukiweka.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu mwaka uleule, nikapangiwa kazi ya elimu ya watu wazima. Nilipata chumba kwa Bi Tatu, mjane wa fundi seremala, katika nyumba kongwe kando ya njia ya misafara ya zamani iliyokwenda Ujiji. Chumba changu kilikuwa cha uani. Kuta nene, dari ya boriti na udongo, dirisha moja la ubao, na juu ya mlango vidirisha viwili vidogo vya kupitisha hewa. Wenyeji walikiita chumba cha wapagazi, kwa kuwa zamani wabeba mizigo wa misafara walilala humo.

Siku ya kuhamia Bi Tatu alinikuta nafungua sanduku la vitabu. Alishika kizimba cha fito, ndani yake njiwa kijana anayeguna bila kupumzika.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huyu ni wa kwako. Kwangu hakuna anayelala peke yake."

Alikining'iniza kizimba ukutani karibu na mto wangu, usawa wa kichwa cha mtu aliyelala. Nikamuuliza kwa nini asikae dirishani, apate hewa.

"Njiwa wa dirishani anajilinda mwenyewe," alisema. "Na usije ukaniomba nikubadilishie huyu kwa kuwa ana kelele. Nimemchagua kwa kelele zake. Njiwa mkimya utamjuaje akinyamaza?"

"Na kuku je?"

"Kuku jua likizama kichwa kiko chini ya bawa. Huyo mlinzi gani?"

Nilicheka. Nilidhani ni mambo ya wazee. Halafu, kwa kuwa siwezi kuacha jambo bila kulitafuna, nikaanza kuwaza utitiri. Je, utitiri wa njiwa huingia masikioni? Je, vumbi la manyoya huleta kifua? Wiki haikuisha, nikakihamishia kizimba dirishani, pale ubao ulipopinda ukaacha ufa wa vidole viwili.

Bi Tatu alikiona. "Msomi mzima unaogopa wadudu wa njiwa?" Akasonya, akaenda zake.

Laiti ningeogopa wadudu tu. Kazini mwenzangu mmoja aliniambia, huku akicheka, kwamba wanga wa mtaa ule huingilia vidirisha vya juu ya mlango. Nilicheka naye. Nilimweleza hata neno la kisayansi kuhusu hofu za watu wasiosoma. Jioni ile nilipanda juu ya kiti nikaviziba vyote viwili kwa magazeti, nikayashindilia kwa mpini wa ufagio. Hebu niambieni, huyo ni msomi wa namna gani, anayecheka njiwa na kuziba wanga?

Siku ya tukio homa ya malaria ilinitetemesha tangu asubuhi. Mvua ilikuwa na baridi ya mifupa. Bi Tatu alikuwa ameketi baraza ya mbele akisuka ukili. Jikoni uani alikuwa ameacha jiko la mkaa lililokwisha kushika vizuri, jekundu, bila moshi hata kidogo. Nililitazama nikaona halina hatia. Nikaliingiza chumbani, nikafunga mlango kwa komeo, nikajifunika blanketi.

Joto lilikuja taratibu, tamu sana. Kichwa kilianza kunigonga. Nikasema ni malaria. Miguu ikawa mizito. Nikasema ni malaria. Kisha nikawaza: je, mkaa huu si hatari? Niliwahi kusoma mahali kwamba mkaa hutoa sumu isiyoonekana wala kunusika. Nikageuza kichwa nikamtazama njiwa. Alikuwa pale dirishani, kifua mbele, anaguna kama kawaida yake. Nikatulia. Kama kuna sumu, niliwaza, ndege angekuwa wa kwanza.

Ndipo nikasikia mtu ananisalimia.

"Mwangaluka."

Hiyo ni salamu ya asubuhi ya Wanyamwezi. Wazo langu la kwanza, na hili naona aibu kuliandika, lilikuwa kumsahihisha: alasiri hii, mzee, asubuhi imepita. Wazo la pili lilikuwa komeo. Nilikuwa nimefunga mwenyewe.

Alichuchumaa karibu na jiko. Alivaa kaniki kuukuu, na begani alikuwa na sugu kubwa, ngumu kama kwato, kwa kubeba mizigo. Alinyoosha mikono juu ya mkaa kuota moto. Viganja vyake vilikuwa vyekundu, kama bwana harusi aliyetoka kupakwa hina. Midomo yake pia.

"Sogea kidogo, bwana," alisema kwa upole. "Tuko tisa, na wewe ndiye uliyekuja na blanketi."

Nikatazama sakafuni. Walikuwepo. Wamelala ubavu kwa ubavu kama magogo ya kivuko, kutoka ukutani hadi mlangoni, viganja juu, vyekundu vyote. Hakuna kifua kilichopanda wala kushuka. Nilitaka kuinuka, miguu ile mizito haikunibeba.

Yule mzee aligeukia dirisha. Alimtazama njiwa wangu kwa muda, akatikisa kichwa kama fundi anayeona kazi ya mwanafunzi.

"Huyu umemweka anywe hewa ya nje," akasema. "Atakuimbia mpaka tukuzike."

Akainuka. Akapita juu ya wenzake bila kumkanyaga hata mmoja, akakichukua kizimba, akaja nacho mpaka kwenye mto wangu. Akakiweka kitandani, jirani na uso wangu. Nikamwona njiwa vizuri. Aliguna. Akaguna tena, polepole. Kisha akanyamaza, na ule ukimya, wallahi, ulipiga kelele kuliko mvua. Akayumba, kichwa kikainama, akaanguka ubavu.

Hapo ndipo woga ulinipa miguu. Nilitambaa. Nilitambaa juu yao, na nawaambieni niliwagusa: walikuwa na joto, joto la watu waliolala pazuri. Mmoja alinishika kisigino, si kwa nguvu, kama mtu anayemwambia mgeni asiondoke mapema. Nikalifikia komeo.

Nilizinduka uani, mvua inanipiga usoni, Bi Tatu ananipiga makofi. "Amka! Usinifie, mwana wa watu!" Alinikuta nusu ndani, nusu nje. Nilitapika mpaka nyongo. Kisha nikamweleza, maneno yakigongana. Nilipofika kwenye viganja alinikatiza.

"Nani kakwambia habari za viganja?"

Sikuambiwa na mtu. Akakaa chini kando yangu. Kisha akasema babu yake ndiye aliyeuvunja mlango wa kile chumba, asubuhi moja ya mvua, akawakuta wapagazi tisa na jungu la makaa katikati yao. Walikuwa wamesikia mtaa una wachawi, wakaziba kila penye upenyo kwa matambara. Watu walipoona ile rangi ya hina wakasema wamelogwa. Babu yake alijua ni sumu ya mkaa iliyowapaka rangi ile, lakini hakubishana na mtu. Alitoboa vile vidirisha viwili na kuanza kufuga njiwa.

"Mbona hukuniambia, Bibi?"

"Ningekwambia, ungepanga?"

Aliingia ndani akiwa ameziba pua kwa kanga, akatoka na jiko, kisha na kizimba. "Ulimrudisha lini kule kitandani?" akauliza. Nilinyoosha mikono kukipokea kizimba. Ndipo akavishika viganja vyangu, akavigeuza kwenye mwanga. Nami niliviona: vyekundu, kama vilivyopakwa hina.

Sasa nimehamishiwa Usoke, kufundisha kisomo. Wenzangu hucheka kuniona nashuka kwenye treni na vizimba viwili: kimoja cha chumbani, karibu na mto, na kimoja cha ukumbini, kati ya jikoni na mlango wa chumba cha kulala. Wacheke. Kichwa huniuma kila mvua ikianza, na silali kabla ya kusikia mguno.

Nawe unayesoma, ukiwa na baridi, liache jiko nje. Usizibe pa kupitia hewa, hata uambiwe wanga wamejipanga foleni. Mfuge njiwa mwenye kelele, umweke unapolaza kichwa, si pale anapojisikia vizuri yeye. Na mchana wa mvua, umelala kwenye joto tamu, mtu akikusalimia kwa salamu ya asubuhi, usimwitikie.

Sikiliza kwanza kama ndege bado anaguna.