Korongo Walioruka Bwawani Kimamba

Kuna asubuhi moja ya kipupwe naikumbuka, mwanangu, na kila ikinijia natamani kujifunika kanga usoni, ingawa waliokuwepo siku ile wengi wao wameshatangulia mbele ya haki. Kaa hapa karibu, masikio yako mazima na sauti yangu siku hizi ndogo.

Tulikuwa tunaishi Kimamba, kwenye nyumba za kambi ya mkonge, na shamba lenyewe lilikuwa limeshasimama. Ilikuwa miaka ile ya ruhusa. Sabuni na sukari zimerudi madukani, mitumba imejaa kila gulio, na kila mtu ameambiwa ajitafutie riziki yake. Baba yangu, Mzee Kasanda, Mnyamwezi aliyeletwa huku akiwa mtoto mdogo enzi za manamba, wale vibarua wa mkataba, alikuwa amezeekea kwenye mashine ya kukwangua mkonge. Mashine ilipozimwa akaanza kuchoma mkaa. Aliichukia kazi hiyo, kifua kilikuwa kikimbana kwa moshi. Alichokipenda ni bwawa lililoachwa na shamba. Masika yalipokwisha, korongo walikuja kujenga viota juu ya migunga iliyosimama majini, na baba alikwenda kuwatazama kila Jumapili kama wenzake walivyokwenda kutazama mpira.

Mimi nilimwona kituko. Nilikuwa msichana mkubwa, nimemaliza shule, nina suruali ya jinzi ya mtumba iliyonibana vizuri, na nilijua kila kitu. Unacheka? Na wewe unajua kila kitu.

Habari za bwawa zikamfikia mwalimu mmoja wa chuo huko Morogoro, Bi Tumaini. Alikuwa akiwapeleka wageni Mikumi kuona tembo na nyati, na miongoni mwao walikuwemo waliopenda vidogo: ndege na wadudu. Akaja kuongea na baba. Wageni wakiridhika, alisema, atawaleta kila kipupwe, na baba atakuwa mwenyeji wao na mlinzi wa bwawa, kwa mshahara. Ningependa uelewe maana yake. Ilikuwa ndiyo njia yake pekee ya kuachana na mkaa. Usiku ule alinyoa ndevu, akapiga pasi shati lake la sikukuu, akaniomba niwapikie wageni chai.

Asubuhi ilikuwa na baridi na ukungu. Baba aliwapitisha kwenye matete, akawaonyesha kereng'ende waliong'ang'ania majani, mbawa zimelowa umande. Akawaeleza kuwa wadudu hao hawawezi kuruka mpaka jua liwapashe, kwa hiyo wanaweza kuwasogelea mpaka wahesabu mishipa ya mbawa. Mzee mmoja wa Kizungu akapiga magoti kwenye tope na suruali yake safi, akacheka peke yake kwa furaha. Sikuwahi kumwona baba akiwa na uso ule. Kisha akawaketisha nyuma ya matete, mkabala na viota, akawaomba wanong'one. Ng'ombe wa wafugaji walipotokea upande wa pili, akazunguka kwenda kuwasihi wachungaji wawazuie kidogo.

Mimi nilikuwa nimekwenda kuchota maji ya chai kwa ndoo ya bati, mbali kidogo, ambako wageni hawanioni. Nikawatazama korongo wale wamejikunyata kwenye viota, hawatikisiki. Nikajiambia, watu wametoka Ulaya kuja kuona ndege waliolala? Na mimi, mwanangu, kwenye mashamba ya mpunga hakuna aliyeniweza kwa kuwinga, kufukuza ndege. Tangu utotoni kazi yangu ilikuwa hiyo. Nikaokota fimbo, nikaigonga ile ndoo kwa nguvu zangu zote, nikapiga ule ukelele wetu wa shambani.

Waliruka wote kwa pamoja. Mbingu ilijaa mabawa, na nilijivuna, sikufichi. Nilisubiri kusikia makofi.

Badala yake nikasikia chubwi, chubwi majini. Makinda walikuwa wakubwa kiasi cha kuogopa lakini si wakubwa kiasi cha kuruka, wakawa wanadondoka kutoka viotani. Kisha mwewe wakaja. Sijui walikuwa wamejificha wapi. Walishuka kwenye viota vilivyobaki wazi, wakawa wanachukua wanavyotaka, na korongo wakubwa wanazunguka juu hawathubutu kutua.

Baba akanifikia anahema.

"Umefanya nini, mama?"

"Nilidhani wanataka kuwaona wakiruka."

Hakunipiga. Alinitazama, akaitoa ndoo mkononi mwangu, na fimbo, akatoka navyo kwenye matete kuelekea kwa wageni. Nilibaki nimechuchumaa pale pale. Nilimsikia Bi Tumaini vizuri, maana hakuwa ananong'ona tena.

"Mzee, nani amegonga?"

"Ni mimi, mama. Nilidhani mnataka kuwaona wakiruka."

"Wewe? Wewe uliyetuambia tusikohoe?"

"Ni mimi. Nisameheni."

Hatua ishirini hazikufika kati yangu na wao. Ningeweza kusimama. Nilitazama tope kwenye jinzi yangu, nikaamua kwamba nisubiri kwanza. Wageni waliondoka bila kunywa chai, na Bi Tumaini hakurudi tena. Wala korongo hawakujenga pale mwaka uliofuata.

Njiani kurudi baba alisema maneno machache tu. "Jina langu limeshazeeka, likichafuka halina kazi kubwa iliyobaki. Lako bado jipya, watu ndiyo kwanza wanalisikia. Ila usizoee." Kesho yake akarudi kwenye mkaa.

Habari kama hiyo haikai porini. Wafugaji walisikia, gulio likasikia, na baba akapewa jina: Mzee Ndoo. Watoto walikuwa wakigonga makopo akipita. Siku moja nilikuwa Kilosa mjini, sokoni, nauza mitumba na wasichana wenzangu wa mtaa wa Magomeni, pale pale mjini. Mmoja hakujua mimi ni wa nani, akaanza kumwigiza yule mzee wa Kimamba aliyewakimbiza ndege wa wageni wake mwenyewe. Wote wakavunjika mbavu. Nami nikacheka, mwanangu, nikacheka kwa sauti ili nisijulikane kuwa ni bintiye. Nilipogeuka, baba alikuwa hapo na baiskeli, magunia mawili ya mkaa nyuma. Akagonga kengele tumpishe njia. Nikampisha pamoja na wenzangu.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila mwaka nilisema nitamwomba radhi mbele za watu. Kile kifua ndicho kilichomuua.

Msibani walikuja watani wetu Waluguru, kama desturi. Mkubwa wao, Bi Zaina, alivaa shati la marehemu na kofia yake, akatwaa ndoo, akawa anaigonga kuzunguka uwanja huku wenzake wanapiga mabawa kwa mikono na kukimbia. "Mzee Ndoo anahama! Ndege wa ahera jihadharini!" Waombolezaji walilia kwa kicheko. Baba mwenyewe alikuwa ndani, amevikwa sanda.

Nikasimama. "Bi Zaina, acha. Hakuwa baba. Ni mimi niliyegonga ndoo ile."

Bi Zaina akanitazama, machozi yakamjaa, akaitupa ndoo na kunikumbatia. "Mmemsikia? Huyu ndiye mtoto! Hata leo hataki babake achekwe, yuko tayari kuibeba aibu yake! Umezaa, Kasanda, umezaa!" Wanawake wakapiga vigelegele. Nikasema tena kuwa ni mimi, ni kweli. Wakanikalisha mkekani, wakanipa maji, wakasema ni uchungu. Mpaka leo Kimamba nikipita watu huniita mtoto mwema.

Basi, mwanangu, nakuusia hili moja. Ukikosea, simama palepale, tope likiwa bado miguuni, maana hapo ndipo utaaminiwa. Ukichelewa, ukweli wako utageuka kuwa sifa, nawe utapongezwa kwa jambo ambalo ungepaswa kulaaniwa. Na mtu akikubebea kosa lako, usimwache atembee nalo peke yake. Mnyang'anye, hata kama ni baba, hata kama anatabasamu.

Mungu akulinde na sifa usizostahili. Akupe mdomo mwepesi wa kusema "ni mimi", na wazazi wako waisikie wakiwa wangali hai. Nenda salama, nyumba yako iwe na heri.