Nilifuta Maneno ya Mzee Aliyemsamehe Binti Yake

Mhariri, ficha jina langu vizuri, maana hapa Nyeri ukisema tu "yule fundi wa vichekesho", hata mbwa wa sokoni watakuonyesha mlango wangu. Nina miaka thelathini na tisa, mke mmoja na watoto watatu. Shule niliacha darasa la sita, lakini nimefika Mombasa, Kampala na Arusha, na hakuna redio wala deki ya video iliyowahi kuingia kwangu ikatoka maiti. Wananiita Profesa. Kwenye harusi, kutoka Mweiga hadi Kerugoya, mimi ndiye hushika maikrofoni. Naiga chifu, naiga kasisi, naiga mama mkwe akikataa mbuzi, watu wanalala chini kwa kucheka. Mdomo huu ndio umenifikisha mahali niko leo, na mahali niko leo sina pa kutokea.

Mama mmoja mjane wa Mweiga aliniletea kamera ya video, zile za kisasa za kaseti ya dijitali ndogo kama kiberiti. Mjukuu wake alikuja nayo kutoka ng'ambo, ikaanguka, kaseti ikakwama ndani, naye akarudi huko akaiacha. Mama akaniambia, "Mwanangu, bwana yangu alijifungia kwa chumba na hii kitu wiki mbili kabla aende. Hakuna mtu anajua alisema nini. Niwekee kwa kaseti kubwa tuone."

Marehemu nilimjua, kila mtu alimjua. Alikuwa mzee wa kanisa, na sauti yake nzito ya kukwaruza tuliisikia katika kila mazishi. Miaka kumi na moja iliyopita binti yake wa mwisho, nitamwita Nyambura, aliolewa na mwanamume ambaye baba alimkataa. Mzee akamwambia, "Usikanyage boma yangu tena." Kwetu neno kama hilo baba haendi nalo kaburini. Linabaki hapo, na ni yeye tu angeweza kulirudisha kwa mdomo wake. Hata siku ya kumzika, Nyambura alisimama barabarani nje ya geti, mtoto mgongoni.

Sasa sikieni kazi ya Profesa. Jino la gia lilikuwa limevunjika. Spea niliulizia hadi Nairobi, wakanicheka. Nikachonga jino jipya kwa mpini wa mswaki, nikasafisha ndani kwa spiriti, siku ya nne ikazunguka! Deki yangu ilikuwa imekodishwa harusi ya Kerugoya, kwa hivyo nikaunganisha kamera na televisheni nitazame tu. Mzee akatokea. Alizungumza kama dakika nne, na katikati akasema, "Nyambura, lile neno nilikuambia, nimelimeza. Mlango uko wazi. Njoo unywe chai na mama yako." Akanyamaza muda mrefu, akajitemea mate kifuani vile wazee wetu hubariki, halafu akaita, "Kujeni mzime hii kitu." Nililia, mimi huyu.

Mtu mwenye akili angengoja deki irudi. Mimi mama alipopita siku ya soko nikamwambia palepale, "Mama, mzee amemsamehe Nyambura!" Akaketi sakafuni katikati ya redio mbovu, akafunika uso na leso. Siku hiyohiyo akatuma ujumbe Nanyuki, alikoolewa binti, aje.

Jioni marafiki wakajaa dukani. Mmoja akanitania, "Huo mswaki wako unaweza kurekodi, ama ni wa kusugua meno tu?" Mimi nishindwe mbele ya watu? Kaseti ya aina hiyo hakuna hata moja Nyeri hii, lakini nilijua ile iliyo ndani ina nafasi tupu mbele. Nikabonyeza. Nikacheza, nikaiga chifu, nikavaa sufuria kichwani, dakika tano za upuzi. Nilikuwa nimesahau kwamba mzee alipomaliza, niliirudisha mwanzo.

Nilipotazama, mahali pa mzee nilikuwa mimi na sufuria. Kilichobaki ni mwisho tu: kimya, mate, na "Kujeni mzime hii kitu." Nyambura hatajwi popote.

Kesho yake kaka mkubwa wa Nyambura, anayeshika boma sasa, akaja. "Fundi, mimi sitaki hadithi yako. Wewe ni mtu wa mchezo. Nikisikia baba mwenyewe, nitafungua geti na mkono yangu. Nisiposikia, huyo msichana asinikaribie." Na mimi nikajibu nini? "Utasikia, ndugu, usijali." Oneni huu mdomo!

Wasomaji, nitawaambia yote. Sauti ya yule mzee naiweza. Ningeweza kuipachika juu ya kile kipande kilichobaki, niseme picha imeharibika kidogo. Nilijaribu nyuma ya duka, maneno yake yaleyale. Mke wangu akaangusha birika. "Baba watoto! Nani ako hapo ndani?" Alipogundua ni mimi, hakucheka. Akaniuliza, "Yaani utambariki mtoto wa watu na mate ya nani?" Siku ya tatu leo haniongeleshi.

Shule zikifungwa familia yote inakutana kwa mama kutazama kaseti. Mama amenitumia nusu gunia la viazi na ujumbe kwamba nitaketi mbele, karibu na televisheni, kwa sababu mimi ndiye nimemrudisha mzee. Nyambura ameshonea watoto nguo.

Yale maneno niliyasikia kwa masikio yangu mawili, na ni ya kweli. Lakini nikisema nimeyafuta, kaka atasema hayakuwahi kuwepo, na wale watoto watarudi Nanyuki na nguo zao mpya bila kuingia kwa babu yao. Nikidanganya, wanaingia. Nyinyi mnaosoma ukurasa huu, wazazi na hata mlio nje ya geti za baba zenu, nishaurini: hiyo televisheni ikiwashwa, wanisikie mimi nikikiri, ama wamsikie mzee kwa mdomo wangu?