Hukumu Iliyotangulia Utetezi

Shangazi yangu hakuwa mtu wa kupendwa, na hakujisumbua kutafuta kupendwa. Alikuwa karani wa mahakama kwa miaka kumi na tisa, chumba cha pili baada ya choo, dirisha halifunguki. Mawakili walimwita Bi Muhuri, kwa sababu kila karatasi iliyotua mezani kwake aliigonga muhuri wa tarehe, kisha akaandika saa kwa kalamu nyekundu. Hata kadi ya harusi ya mhasibu aliigonga. Nilipocheka aliniambia nikachekee nje.

Mtu ambaye shangazi alimchukia kuliko wote ni jirani yake, mlinzi wa ghala la saruji. Miaka sita hawakusalimiana. Yule bwana alikuwa akimwaga maji machafu ya vyombo kwenye nguo za shangazi zilizoanikwa, makusudi, huku anapiga mluzi. Aliposhtakiwa kuiba saruji ghalani, shangazi alifurahi waziwazi. Hata hivyo alimwendea hakimu: "Mheshimiwa, huyu mtu tumegombana. Faili lake mpe karani mwingine." Hakimu akamjibu kwamba mwingine yuko likizo, na kazi ya shangazi ni kupiga chapa tu.

Mimi nilikuwa dereva wa gari la mahakama, kwa hiyo niliona mengi na nikayameza. Kila asubuhi mwendesha mashtaka, mtu wa viatu vinavyong'aa na dharau tele, aliingia kunywa chai ofisini kwa hakimu, mlango umefungwa. Wakili wa utetezi, binti mwembamba mwenye mkoba uliochakaa, alikaa benchi la nje na washtakiwa. Hakuna aliyemkaribisha hata maji.

Jumanne mchana mashahidi wa mashtaka walimaliza. Mlinzi alikuwa ajitetee kesho yake. Hakimu akamletea shangazi kurasa nne za kupiga chapa. Nilikuwa nimesimama mlangoni na funguo za gari nilipomwona anaganda kwenye ukurasa wa mwisho. Ulisema: utetezi wa mshtakiwa nimeusikiliza kwa makini na sikuuamini, atafungwa miaka saba.

"Mheshimiwa, utetezi upi? Huyu mtu hajafungua mdomo."

"Piga chapa, Bi. Na huo muhuri wako usiuweke hapo."

Hakimu alipotoka nilimnong'oneza, "Shangazi, si unamchukia? Achana naye, aende jela."

Alinigeukia kwa hasira ambayo sikuwa nimepata kuiona. "We mtoto una akili kweli? Mwendesha mashtaka kazi yake kushtaki. Wakili kazi yake kutetea. Hakimu anyamaze awasikilize wote mpaka mwisho, ndipo aamue. Sasa huyu kashahukumu, na wa kujitetea hata hajaanza!"

Akapiga chapa kurasa zote nne. Akagonga muhuri. Akaandika saa nane na robo, akaitia hukumu kwenye faili, mahali pake.

Asubuhi wakili aliomba kulipitia faili kabla ya mteja wake kupanda kizimbani. Aliposimama mbele ya hakimu alifungua faili ukurasa wa hukumu. Alisoma tarehe. Alisoma saa. Kisha akamwomba hakimu ajitoe kwenye kesi. Mwendesha mashtaka aliruka juu akisema ni rasimu tu, rasimu tu, na watu kule nyuma wakaanza kuguna. Hakimu alikunywa glasi nzima ya maji, akajitoa. Kesi ikaanza upya kwa hakimu mwingine, na mlinzi akapata dhamana.

Wiki iliyofuata shangazi alihamishiwa stoo ya mafaili ya zamani, kwenye vumbi na panya. Hakuna mwenzake hata mmoja aliyemuaga. Nilitamani kuwapiga.

Jumapili jirani alibisha hodi, kavua kofia.

"Dada, nimekuja kushukuru. Umeniokoa."

Shangazi hakumfungulia. Aliongea naye kupitia dirisha, akikunja nguo.

"Sijakuokoa. Mimi naamini saruji uliiba, na nataka ufungwe."

"Sasa kwa nini…"

"Kwa sababu ulikuwa hujasikilizwa. Haya, nenda kajiandae useme vizuri."