Nyenje wa Mjomba Kibwana

Nyumba ya Mjomba Kibwana, mlimani juu ya Mkuyuni, ilisikika kabla haijaonekana. Ukipanda kati ya migomba ulianza kusikia mto ukigonga mawe nyuma ya jiko lake, ndipo bati likajitokeza. Mama alikuwa akilalamika kwamba pale huwezi kuongea bila kupiga kelele. Mjomba alijenga pale kwa makusudi. Alikuwa mpiga mizinga jeshini, akapigana vita vya Uganda, na akarudi na mlio kama wa nyenje masikioni. Nyenje hao hawakulala wala hawakuwa na msimu. Mvumo wa mto peke yake ndio uliowafunika, akapata usingizi. Hayo alituambia sisi watoto tu. Mbele ya watu wazima alijifanya anasikia kila kitu, akicheka wenzake walipocheka. Kwa hiyo kijiji kilimwona mtu wa maringo, anayepewa shikamoo na kuiacha ipite. Iliniuma sana, maana nilimpenda.

Ulikuwa msimu wa kuvuna maharage, nikiwa darasa la nne, washenga walipotoka Mlali kuja kumposa dada yangu Zuhura. Kwetu Waluguru baba atasema lake, lakini neno la mwisho juu ya binti ni la mjomba wake. Na mbele ya mjomba mshenga hapayuki. Anainamisha uso, anaongea kwa sauti ya chini, kisha anangoja. Mjomba akikaa kimya mpaka chai ipoe, amekataa. Wageni huaga bila kuuliza sababu, kwani kurudia maneno ni kumkosea adabu.

Mzee wa Mlali aliyafanya yote hayo vizuri mno. Nilikuwa nachambua maharage kizingitini, na hata mimi nilimsikia kwa shida. Mjomba aliona kofia tu. Alisubiri kwa upole, mikono magotini, chai ikapoa. Wageni wakainuka, wakaaga, wakateremka. Jioni ile Zuhura alijifunika kanga gubigubi, akagoma kula. Alimpenda kijana yule.

Asubuhi mama alipanda kwa kaka yake, mimi nyuma yake, akamshika bega na kumpigia kelele sikioni: kwa nini amemnyima mtoto mume?

"Mume gani?" Mjomba alishtuka. "Mbona hawakusema kitu? Nilidhani wanapumzika, mlima umewachosha."

Kisha akaelewa, akaketi juu ya jiwe. Sijawahi kumwona mtu mzima akiona aibu namna ile. "Waiteni," alisema. "Waambieni mimi ni kiziwi."

Walirudi. Mjomba mwenyewe aliwaambia masikio yake yaliharibiwa na mizinga, wamwangalie usoni na wapaze sauti. Mzee alimtazama mama kama anayeomba ruhusa ya kutukana. Alijaribu, mjomba akatikisa kichwa. Akajaribu tena. Mwisho akasimama, akaposa kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde, jina la Zuhura, ukoo na heshima zote, na wanawake waliokuwa wakivuna wakapiga vigelegele mashambani kabla mwenye neno hajalitoa. Mjomba alicheka hadi machozi yakamtoka.

"Nimesikia," akasema. "Mchukueni."

Tangu hapo watu walimgusa mkono kwanza ndipo wakamwamkia, naye akaitikia marahaba mlima mzima ukasikia.

Siku hizi naishi Morogoro Mjini, na kwa hiari yangu naziba masikio kwa muziki ili nisisikie bodaboda. Mjomba amezeeka. Hospitali walimpa kifaa cha kusikia, kikamrudishia sauti za watu, lakini nyenje hakikuwagusa. Na mto, kwa kuwa tumelima hadi kingoni, kiangazi hukauka kabisa. Masika iliyopita Zuhura, ambaye sasa ana wajukuu, alipanda na simu yake akaurekodi ulipofurika. Nilipowatembelea Agosti nilimkuta mjomba amelala baada ya adhuhuri, simu kando ya kichwa chake ikivuma maji, na nyuma ya jiko mawe makavu yakiwaka jua. Zuhura alikuwa pembeni akichambua maharage. Alijiwekea kidole mdomoni kunionya nisipige kelele. Nikavua viatu, nikaketi, na kwa ajili ya kiziwi aliyelala tukaongea kwa kunong'ona mpaka alasiri.