Viatu vya Dirishani

Mtaani walimwita Fundi, basi. Viatu vya mtaa mzima vilipita mikononi mwake, na mwenyewe hakuona haja ya jina jingine. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, amefiwa na mke miaka sita nyuma, na tumbo lilikuwa limeanza kumtangulia mlangoni. Siku nzima hukaa kwenye stuli, kiatu kati ya magoti, sindano mkononi. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kutoka kwenye stuli hadi kwenye birika la chai, hatua nne, na hizo nazo alizigawa, akipumzika katikati kwenye meza ya gundi.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyekubali kutembea kilomita tisa.

Chanzo ni Mkunga. Huyu alizalisha kina mama kwenye zahanati ya jirani, mjane, mkavu wa maneno, mwendo wa haraka. Kwa miaka mitatu alimletea Fundi viatu vyake, na kila mara kisigino cha kushoto kilikuwa kimelika upande wa nje. Wanaume wengine huanza kupenda macho, wengine sauti. Fundi alianza kupenda kisigino. Hata akakipa uzi mzuri kuliko wa wateja wengine.

Siku moja, akimkabidhi viatu, alisikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Mama Mkunga, watu wawili wapweke wakizeekea nyumba moja, nani atalalamika?"

"Kwanza usiniite mama, sikukuzaa," Mkunga alisema, akiukagua mshono. "Pili, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi natembea kule hifadhi ya ghubani. Nafika hadi mnara wa zamani, narudi. Njoo tutembee. Tukirudi getini nitakujibu. Unapafahamu?"

Mwenye akili hapo angesema hapana.

"Kule mimi mwenyeji," Fundi alisema. "Hata ndege wananiamkia."

Hakuwa amewahi kukanyaga. Alikuwa hajui hata basi lipi linakwenda.

Jumamosi asubuhi dada yake, mkubwa wake kwa miaka miwili na kwa sauti mara kumi, alimkuta amepiga magoti, kichwa uvunguni mwa kitanda, akitafuta cha kuvaa. Kinyozi hajinyoi, na fundi viatu ndiyo kabisa: alikuwa na ndala zenye matundu na kiatu kimoja cheusi kilichofiwa na mwenzake.

"Utaposa na ndala?" dada aliuliza.

"Nitavaa vile vya dirishani."

Dada akajishika kichwa, jambo ambalo lingemtisha mtu mwangalifu.

Vile vya dirishani vilikuwa viatu vya kahawia, vinang'aa mpaka unajiona, vimekaa nyuma ya kioo cha duka tangu enzi. Vilikuwa sampuli. Na kila fundi anajua kuwa sampuli haishonwi. Soli inabandikwa kwa gundi, kiatu kinapigwa rangi, kazi yake inakuwa kutazamwa. Mteja akikipenda, unamshonea cha kwake. Fundi alilijua hilo kuliko mtu yeyote mtaani. Alivifunga kamba huku akijiambia kwamba kilomita tisa si nyingi kihivyo, kana kwamba gundi nayo ingesikia ikaamini.

Getini, askari wa hifadhi alimwamkia Mkunga kwa furaha, akageuka. "Na mgeni wako?"

"Mimi si mgeni," Fundi alisema, akatangulia kwa kifua mbele, akafuata njia iliyofagiwa vizuri, akakata kona bila kusita, na kufika chooni.

"Wenyeji huanzia huku?" Mkunga aliuliza nyuma yake.

"Ni vizuri mtu kujiandaa," alijibu, akaingia, akasimama mle ndani dakika mbili bila shughuli yoyote, akijitukana polepole.

Njia yenyewe ilipita kando ya ghuba, kati ya mikoko, mahali pengine juu ya mbao, mahali pengine juu ya tope. Mkunga alikuwa na darubini shingoni.

"Yule ndege mrefu ni nani?"

"Korongo," Fundi alisema, na kwa bahati ikawa kweli.

"Na yule mweupe, mdogo?"

"Mtoto wa korongo."

"Yule ni yangeyange. Ana wajukuu yule." Akaendelea kutembea.

Katika kilomita ya tatu, tope lilimshika Fundi mguu wa kulia, likamwachia, ila halikuachia soli. Alisikia sauti ndogo, kama mtu anayefungua barua. Aliinama haraka, akaing'oa soli topeni, akaitia mfuko wa koti. Juu ya mguu kilibaki kiatu kizuri cha kahawia, kimefungwa kamba, kinang'aa, hakina chini. Ukimtazama kutoka juu, bwana harusi. Kutoka chini, mwendawazimu.

"Tangulia tu," alimwambia Mkunga. "Mimi naangalia mandhari."

Mandhari aliyoangalia ni maganda ya chaza, aliyoyakanyaga moja baada ya jingine. Walipofika kwenye magofu ya mabwawa ya chumvi, palikuwa na kibao cha historia. Mkunga alikisoma kwa sauti: hapa zamani palichemshwa chumvi, na wachukuzi walikatazwa viatu ili wasiichafue, wakabeba magunia pekupeku hadi kwenye meli, nyayo zikipasuka.

"Masikini," Mkunga alisema. "Unaweza kuwaza maumivu yale?"

"Kidogo," Fundi alisema.

Mnara wa kuangalizia meli ulikuwa na ngazi sitini na mbili. Fundi alisema aliwahi kuupanda mara nyingi mno, leo angewaachia wengine nafasi. Hapakuwa na wengine. Mkunga alipanda peke yake, akashuka, wakaanza kurudi kwa njia ileile, na hapo ndipo Fundi alipokumbuka kwamba tope huwa halina siri.

Mkunga alisimama, akachuchumaa. "Fundi, wewe mwenyeji. Huu unyayo wa mnyama gani? Mguu wa kulia ana vidole vitano. Wa kushoto hana hata kimoja."

Fundi aliutazama unyayo wake mwenyewe kwa muda mrefu. "Fisi maji," alisema.

"Fisi maji."

"Wa hukuhuku ghubani. Mguu mmoja huukunja."

"Basi huyu fisi maji wako anatoka damu. Kaa hapo."

Palikuwa na benchi. Fundi alikaa. Mkunga hakumshika mguu kwanza. Alisimama mbele yake, mikono kiunoni, na sura yake haikuwa na mzaha.

"Marehemu wangu aliumwa tumbo miaka miwili, ananiambia ni gesi. Mimi, niliyezalisha nusu ya mtaa, sikujua kinachomuua mtu ninayelala naye kitanda kimoja. Nikaapa, mwanamume wa kunificha maumivu hakanyagi tena kwangu. Asubuhi nilikuja na jibu zuri, Fundi. Tangu tope lile naona unachechemea, nasubiri useme, husemi. Sasa nakuuliza mara moja tu. Inauma wapi?"

Fundi alifungua mdomo kusema haiumi. Ulikuwa tayari umeshajipanga. Akaufunga, akaufungua upya.

"Mguu," alisema. "Na goti. Mgongo ulianza kabla hata ya chooni. Sijawahi kufika hapa. Korongo namjua kwa picha ya kwenye kiberiti. Ule mnara nauogopa. Na viatu hivi ni vya dirishani, sikuvishona."

"Fundi mzima? Umekuja kuposa na viatu vya gundi?"

Hilo ndilo lililomuuma kuliko chaza zote. Alitoa soli mfukoni, akaiweka benchini kama kielelezo mahakamani. Mkunga aliitazama soli, akamtazama yeye, na mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka yangeyange wakaruka. Kisha akafungua kitambaa chake cha kichwa, akaufunga ule mguu kwa nguvu, bila kumhurumia hata kidogo, wakarudi getini taratibu, bega kwa bega.

Dada alikuwa mlangoni mwa duka anangoja. "Amesemaje?"

"Niloweke mguu kwenye maji ya chumvi."

"Na posa?"

"Yawe ya vuguvugu."

"Wewe, sikuulizi maji."

Fundi alikaa kwenye stuli, akakivua kile kiatu kisicho na chini, akatafuta sindano nene na uzi wa nta.

"Amesema kesho kutwa uende wewe kwa kaka yake ukaseme neno," alisema, akitunga uzi. "Mimi nibaki hapahapa, nishone hivi viatu, na nisifungue mdomo kabisa mpaka muwe mmemaliza."