Salamu Nilizozimeza

Ugonjwa wa Parkinson nimeishi nao mwaka wa tatu sasa, na miwili ya mwanzo nilikuwa nikiuficha. Mkono ukitetemeka nautia ndani ya buibui. Miguu ikiganda mlangoni, najifanya natafuta ufunguo. Mimi niliyeuuzia mtaa mzima wa Magogoni mahamri miaka na miaka, leo nionewe huruma? Thubutu!

Binti wa mazoezi kule kliniki, mtu wa bara mwenye subira kuliko mimi, alinifunza jambo nikalishika. Miguu ikigoma, usiilazimishe. Simama. Vuta pumzi hadi tumboni, itoe polepole. Yumba kushoto na kulia mpaka uhisi uzito unahama, kisha tupa hatua kubwa, kama unaruka mtaro. "Na ukitembea, mama, usizungumze," akasema. "Akili iache ishughulike na miguu."

Basi wallahi nikatembea! Asubuhi ya kwanza nilitoka nyumbani hadi dukani bila ya kushika ukuta. Nilipopita barazani kwa shoga yangu, jirani yangu wa miaka thelathini, akanitolea salamu. Sikumjibu. Nilijua nikifungua mdomo tu, miguu itaganda. Siku ya pili vilevile. Ya tatu alinitazama nikipita, hakusema kitu.

Tangu hapo sahani yake ya Ijumaa haikuja tena. Miaka yote hiyo akipika pilau lazima anipakulie. Nikasikia anasema nimepata maringo uzeeni, hata salamu ya Mungu naikataa. Iliniuma, jamani. Nililia jikoni, halafu nikakasirika: kwani yeye hana mdomo wa kuniuliza?

Nikaenda kliniki na hasira zangu. "Umeniharibia shoga yangu wewe!" Binti alicheka hadi akaketi. "Mama, sikukukataza kuamkia watu. Simama kwanza, uamkie, umalize. Ndipo uende." Ala! Na mimi nilivyo, nikiambiwa nisizungumze nakuwa bubu.

Wiki nzima nikafanya mazoezi baina ya jikoni na ukumbini. Nasimama, naliamkia friji, naliuliza habari za watoto, napumua, nayumba, naenda. Mume wangu akasema sasa ugonjwa umepanda kichwani.

Jumamosi nikaenda hadi barazani kwake, nikasimama, miguu yote miwili imetulia. "Asalaam aleikum, shoga."

"Waaleikum salaam." Alijibu kwa kuwa ni wajibu, macho yako kwenye mchele anaouchagua.

"Mimi ni mgonjwa, miaka miwili sasa," nikamwambia. Nikautoa mkono buibuini, nikauacha utetemeke mbele yake. "Nikisema siendi, nikienda siwezi kusema. Ndiyo maana sikukujibu."

Ungo ukamtoka mkononi. "Miaka miwili wanificha? Mimi niliyekukanda kila ulipozaa?" Akalia, akanigombeza, akalia tena. Na mimi nikalia, maana nilikuwa nimemkosa sana.

Nilipotaka kuondoka, miguu ikakataa. Aibu iliyoje! Akainuka anishike mkono anivute, kama wafanyavyo wanangu.

"Usinivute, nitaanguka."

"Nifanyeje basi?"

"Simama nami, na unyamaze."

Kumwambia huyo anyamaze! Watu wa mtaa wetu husema hata usingizini anazungumza. Lakini alinyamaza. Tukapumua pamoja, tukayumba kushoto na kulia mbele ya macho ya wapita njia, na hatua ikatoka. Tukaenda bega kwa bega hadi dukani. Watu walimsalimia huku na huku, na yeye, mtu wa kujibu salamu mpaka ya mtoto mchanga, akawapungia mkono tu. Mwanamke mmoja akageuka, akamtazama kwa jicho baya. Shoga yangu akamwacha amtazame.

Dukani nikasimama. Aliinama kidogo kuitazama miguu yangu.

"Umesimama?"

"Nimesimama."

"Haya," akasema. "Sasa nisikize nikutukane vizuri."