Mashine ya Alizeti Iliyoandikwa Jina Moja

Ursula alikuwa mtu wa kazi tangu usichana wake huko Mbulu, na alipoolewa Babati na kumzaa Coletha hakubadilika. Mumewe, Simon, hakuwa mlevi wala mpigaji. Alikuwa na tabia moja tu: chochote cha mkewe alikiita chake, akakiuza. Ng'ombe aliopewa Ursula na baba yake waliondoka hivyo.

Kwa hiyo Mariamu, mwenye duka la nafaka pale Bagara, alipomwambia waungane wanunue mashine ya kukamua alizeti, Ursula aliuza mbuzi na mahindi yake kimyakimya, akatoa nusu ya bei.

Wakaenda pamoja kwa afisa biashara. Kijana yule aliwaeleza bila haraka: wangeweza kusajili jina la biashara la mtu mmoja, au kuandikwa wote wawili kama wabia, au kufungua kampuni.

"Kama mali ni ya wawili, mama zangu, andikeni wawili," alisema.

Ursula akakataa, akamwonyesha Mariamu. "Aandikwe Mama Hamdani peke yake."

Mariamu akamvuta pembeni. "Mama Coletha, mimi ni binadamu. Nikifa je?"

"Baba Coletha akiliona jina langu, mashine ataiuza kabla haijafungwa. Wewe nakuamini."

Likaandikwa jina moja.

Kwa miaka kadhaa biashara ilikwenda vizuri. Ursula alikamua, Mariamu akauza, na faida waligawana nyuma ya duka huku Hamdani, mwana wa Mariamu, akiwamiminia chai. Hamdani alimwita Ursula mama mdogo.

Kisha asubuhi moja presha ikamwangusha Mariamu akifungua duka. Akazikwa jioni hiyohiyo.

Ulipofika wakati wa kugawa mirathi, Ursula alikwenda mbele ya ndugu, akaeleza yote. Mikidadi, kaka wa marehemu, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akageuka.

"Hamdani, wewe ulikuwa hapa siku zote. Huyu mama ana sehemu yake kwenye mashine?"

Hamdani aliinamia kucha zake.

"Mjomba, mimi nilimwona akifanya kazi."

Hakuwa amesema uongo, na hilo ndilo lililomchoma Ursula kuliko tusi. Wakamshukuru kwa utumishi wake, wakampa dumu la mafuta.

Nyumbani ilimbidi amweleze Simon. Simon aliwaka, lakini si kwa sababu mkewe alidhulumiwa.

"Miaka yote hiyo ulinificha?" alifoka. Mpaka leo hula chakula chake bila kumsemesha.

Mashine iliuzwa kwa mtu wa mbali. Siku hizi Ursula anapima mafuta kando ya barabara, mafuta anayoyanunua kwa wakamuaji wengine. Wateja wa zamani humuuliza mbona ladha si ile.

"Msimu haukuwa mzuri," huwajibu, akifuta mdomo wa chupa kwa kanga.